Mkaa Uliolowa

Tangu alipoanza kuchoma mkaa akiwa kijana wa ndevu za kuhesabika, mpaka siku kifua kilipomkatalia, mtu yule hakuwahi kuuza hata kipande kimoja kilicholowa. Habari hiyo aliitangaza mwenyewe mitaani, akisukuma baiskeli yenye magunia mawili: "Mkavu! Mkavu huo! Mkavu!" Sauti yake ilifika kabla yake. Watoto wakamwita Mkavu, mama zao wakamwita Mkavu, na mwisho hata mkewe, akiwa na furaha naye, akawa anamwita Mkavu. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikaa kabatini.

Asiyejua biashara ya mkaa atauliza, hapo kuna nini cha kujisifia? Kuna makubwa! Wapo wauzaji, tena si haba, wanaonyunyizia gunia maji ili liwe zito. Mama wa watu anafika kwake, anawasha jiko, anapuliza, anapepea, machozi yanamchuruzika, moshi umejaa chumba kizima na sufuria haijatoa hata mvuke. Mkavu aliwachukia watu hao kuliko wezi wa kuku. "Mwizi wa kuku anakuibia mara moja," alikuwa akisema. "Mwenye mkaa wa maji anakuibia kila ukipika." Mvua ikimkuta njiani alivua koti akayafunika magunia, yeye mwenyewe akalowa chapachapa.

Na hivyo ndivyo alivyompata mke. Siku moja alifika na mvua yake kwenye mlango wa mama mmoja aliyekuwa na shamba kule bondeni, akatoka binti wa nyumba, mikono imekakamaa kwa jembe na ulimi hauna breki. Akamtazama kijana anavyotetemeka, akayatazama magunia yaliyovishwa koti.

"Wewe kaka, una akili timamu kweli?"

"Mimi nitakauka, dada," kijana akajibu huku meno yanagongana. "Mkaa wako ukilowa, ndiyo basi tena."

Binti alicheka mpaka akakaa kizingitini. Baadaye, wakiwa wameoana, alizoea kusema kwamba aliamua siku ile ile: mtu anayelionea huruma jiko la mtu mwingine namna hiyo, hatanidanganya mimi. Na kweli hakumdanganya, isipokuwa mara moja, na hiyo tutaifikia. Binti huyo watu walimwita Bi Jembe, kwa sababu kumwona bila jembe ilikuwa nadra kama kumwona mumewe bila masizi.

Waliishi vizuri. Yeye mlimani kwenye matanuri yake, mkewe bondeni kwenye mahindi na maharage. Walipata binti mmoja, akakua, akaolewa mji wa mbali. Miti nayo ilikuwa ikirudi nyuma kidogo kidogo. Mwanzoni Mkavu alitembea kidogo tu kuifikia, kisha nusu ya asubuhi, kisha akawa analala huko huko. Kifua kikaanza kupiga filimbi. Daktari wa zahanati akakisikiliza kwa mpira wake, akamwambia, "Mzee, moshi umetosha." Mkavu akaweka panga juu ya dari, akamfuata mkewe shambani. Alikuwa mgeni kwelikweli. Palizi ya kwanza aling'oa maharage akaacha magugu, na mkewe akapata kichekesho cha mwaka mzima.

Lakini shamba lenyewe halikuwa la kuchekesha. Bi Jembe alilirithi kwa mama yake, yeye pamoja na kaka yake mkubwa, na mama alipokuwa akikata roho alimshika mkono akamwambia, "Jembe langu lisilale, mwanangu." Enzi za mama udongo ule ulikuwa wa rangi ya kahawia na ukiubonyeza unabonyea. Sasa ulikuwa mweupe, mgumu, na mvua ikinyesha maji yalipita juu yake kama yanavyopita juu ya sahani. Ukitia samadi leo, mvua ya kesho imeiosha yote mpaka mtoni. Mlima uliokuwa ukilikinga shamba ulikuwa mtupu, na aliyeuchomea miti yake, tangu ujana, alikuwa Mkavu. Wote wawili walilijua hilo. Miaka yote hakuna aliyelitaja, maana yako mambo mtu akiyataja ndani ya nyumba hayatoki tena.

Basi siku moja kaka mtu akaja. Alikuwa fundi wa magari, mtu wa maneno machache na kucha zenye grisi, na si mtu mbaya; nisikilizwe vizuri hapo. Alikunywa chai yake yote kwanza, ndipo akasema.

"Mdogo wangu, wafyatua matofali wanautaka ule udongo. Wamemaliza bonde la pili, wanatafuta pengine."

"Shamba la mama?" Bi Jembe akauliza. "Wakishachimba tutabaki na nini, mashimo?"

"Sasa hivi tuna nini? Shamba lisilolisha ni uwanja tu. Mimi mwaka wa ngapi huu sijapata hata debe la mahindi?"

Bi Jembe akaanza kulia. Kaka yake hakuweza kumtazama dada yake akilia, hajaweza tangu utotoni. Akajikuna shingo, akasema, "Basi sikilizeni. Nionyesheni kipande kimoja. Kimoja tu, kilichonona, msimu huu. Nikikiona kwa macho yangu, wale watu nitawaambia waende kwingine. Nisipokiona, tusilaumiane."

Wakakubaliana hivyo. Kipande kimoja kinone, shamba la mama libaki. Kisinone, liende.

Wakati huo huo ndipo bibi shamba alipoita watu nyuma ya ghala la mazao. Alikuwa binti mdogo tu, mabuti yake yamemzidi miguu, lakini sauti alikuwa nayo. Alichimbisha shimo mfano wa bakuli kubwa, akatia mabua, magunzi na matawi makavu, akawasha moto kwa juu, si kwa chini. Moto ukila tabaka moja anaongeza lingine, na moshi ulikuwa haba. Mkavu alisimama nyuma, mikono kifuani, anamtazama kama fundi anavyomtazama mwanagenzi. Kidogo kidogo mikono ikashuka. Akasogea mbele.

"Nisikilizeni," bibi shamba alisema. "Bua hili likiota linavuta hewa chafu iliyo juu yetu, linaifanya mwili wake. Mkiliacha lioze, au liungue lote liwe jivu, ile hewa inarudi juu. Lakini mkilikatisha njiani likawa mkaa, kisha mkauzika, hewa ile imefungwa chini. Na udongo unapata pa kushikia maji na samadi, hauoshwi ovyo tena."

"Inafungwa kwa muda gani?" Mkavu akauliza.

"Wajukuu wa wajukuu wako wataukuta mkaa wako humo humo, mzee."

Bibi shamba akachukua ndoo ya maji akaimwaga shimoni, mvuke ukapanda, na Mkavu akapiga kelele, "Ala! Unaharibu!" Watu wakaangua kicheko. Binti yule hakukasirika. Alimweleza kwa upole kwamba mkaa wa shambani si wa jikoni. Mkaa huu una matundu mengi, na matundu yake ni matupu. Una njaa. Ni lazima ulishwe kwanza: uloweshwe kwa maji, samadi na mkojo wa ng'ombe, ukae hivyo wiki kadhaa mpaka ushibe. "Mkiuzika na njaa yake," akasema, "utakula chakula cha mahindi yenu."

Njiani kurudi nyumbani Mkavu alisimama walipofika chini ya ule mlima mtupu. Hapo akasema, bila kumtazama mkewe, "Nimepeleka msitu mzima juu. Angalau nirudishe kikapu."

Hakuwahi kusema neno kama hilo. Bi Jembe alitaka kumshika mkono, akaona haya, wakaendelea kutembea.

Kuanzia siku iliyofuata nyumba haikutulia. Mkavu aliokota magunzi kwa majirani, akakusanya mabua, akachimba shimo lake, na akachoma mkaa mzuri ambao hata wazee wenzake wa matanuri walikuja kuugonga-gonga wausikie ulivyolia. Lakini kuuzima aliuzima kwa udongo, kama alivyofundishwa ujanani. Maji hakuyasogeza. Aliutwanga, akauchekecha, akauweka kwenye magunia, akayapanga stoo mbali na ukuta yasipate unyevu. Na akawa anapiga mluzi. Tangu kifua kimkatalie Bi Jembe alikuwa hajausikia mluzi ule.

"Sasa kesho niende kwa mwenye zizi kule ng'ambo ya kijito," mkewe akamwambia, "nikaombe samadi na huo mkojo."

"Wa nini?"

"Si bibi shamba kasema tuuloweshe?"

Mkavu akaweka chekecheo chini. "Mke wangu, mkaa nimeujua kabla sijakujua wewe. Yule binti anajua mahindi, na namheshimu. Mkaa aniachie mimi. Mkaa ukishalowa umekwisha. Nimekataa kulowesha mkaa wa watu, leo niloweshe wangu mwenyewe, tena kwa mkojo?"

Haya! Hapo ndipo ule ulimi usio na breki ulipotakiwa kufanya kazi yake. Bi Jembe alimsikia vizuri bibi shamba, alielewa, na moyoni alijua. Lakini alimtazama mumewe, masizi yamemjaa usoni, macho yanang'aa kama ya kijana mwenye baiskeli, akaona, sasa nimnyang'anye na hili? Akanyamaza. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mume naye siku nyingine ni mwana tu.

Mkaa ukaingia ardhini ukiwa mkavu. Waliufukia kwenye kipande cha juu, kando ya njia, ili kaka mtu akija akione kabla hajashuka. Mkavu aliuchanganya na udongo kwa mikono yake, akapanda mahindi mstari mmoja mmoja, na kila asubuhi alikwenda kuchuchumaa pale kungoja.

Mahindi yaliota. Yalipofika magotini yakaanza kugeuka manjano. Kwanza majani ya chini, kisha ya katikati, kisha shina lote. Kule chini, kwenye udongo mweupe usiotiwa kitu, mahindi yalikuwa dhaifu kama kila mwaka, lakini yalikuwa ya kijani. Kipande cha Mkavu ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote. Mtu akipita njiani alikiona akiwa mbali.

Bibi shamba alikuja akachimba kwa kidole, akatoa chembe za mkaa, akazisugua kiganjani. Zilikuwa kavu zinalia. Alimtazama Mkavu, akamtazama Bi Jembe, akaelewa bila kuuliza.

"Ardhi haijafa," akasema. "Mkaa umekula kwanza. Ulisheni sasa hivi, msimu ujao mtaona tofauti."

Lakini msimu ujao haukuwa wao. Kaka mtu alifika mavuno yalipokaribia, akasimama njiani mikono mfukoni. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. "Dada, mliniahidi kipande kimoja," akasema, akageuka, akaenda kuzungumza na wafyatua matofali.

Bi Jembe alibaki amesimama. Mumewe akamsogelea, akanyoosha mkono amguse bega. Ndipo akamgeukia na kumwambia neno lile lililokaa miaka yote bila kusemwa.

"Umeuchoma mlima wote. Ukaona haukutoshi. Sasa umechoma na shamba la mama yangu."

Mkavu aliuteremsha mkono. Alisema, "Ni kweli," basi, akaenda nyumbani peke yake.

Hasira hasara, lakini nani huwa anaikumbuka methali akiwa na hasira? Bi Jembe alinyamaza ndani ya nyumba ile. Alipika, akaweka chakula mezani, akaondoka. Mumewe akisalimia, anaitikia kwa pua. Mkavu naye akawa anatoka kila asubuhi kabla ya chai, anarudi jua limepanda, amechoka, anapumua kama mtu aliyekimbizwa, na ananuka ng'ombe. Si kunuka kidogo. Harufu ile iliingia kwenye mapazia, kwenye shuka, kwenye godoro. Mkewe akachukulia kwamba amekwenda kujitafutia kibarua cha kuchunga, ametupa jembe, amelitupa na shamba kabla halijachukuliwa. Siku moja ikamfika shingoni.

"Unanuka zizi. Kama umepata kazi kwa watu, hongera. Lakini nenda kalale stoo na magunia yako."

"Sawa, mke wangu," Mkavu akasema. Akakunja godoro lake jembamba la sifongo, akaliweka begani, akahamia stoo. Hakulalamika, na kutolalamika kwake kulimwudhi mkewe zaidi.

Jua lilikuwa kali msimu huo, vumbi likajaa kila mahali, na kifua cha Mkavu hakikulipenda vumbi. Alikohoa mpaka majirani wakauliza. Asubuhi moja hakuweza kuinuka. Bi Jembe alimpelekea uji kule stoo, akamwinua, akampa kijiko kwa kijiko, bado amenuna, lakini alimpa. Mgonjwa akamshika kiwiko.

"Kile kipande cha juu," akasema. "Mvua ya vuli ikianza, panda. Hata mstari mmoja."

"Nipande nini pale? Mkaa?"

Mkavu akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda mrefu kuisha. Bi Jembe alimfuta mdomo, akachukua bakuli, akatoka. Mchana ule alikwenda kisimani, na aliporudi, kabla hajatua ndoo, alijua. Stoo ilikuwa kimya, na nyumba ile haikuwa imenyamaza hivyo kwa miaka mingi. Alimkuta amelala ubavu, amegeukia magunia.

Binti alikuja, watu wakajaa, wakazika. Bi Jembe alilia kama wajane wote wanavyolia, lakini ndani ya kilio alikuwa na jiwe. Alikuwa akimlilia mtu ambaye bado amemkasirikia. Asiyewahi kupata msiba wa namna hiyo asiuombe.

Wafyatua matofali hawakuchelewa. Walianza kule chini, wakachimba, wakakanyaga udongo, wakafyatua, wakajenga tanuri. Shamba la mama likawa linashuka siku hadi siku, na Bi Jembe alikuwa akipita njiani bila kugeuza uso. Mwisho wakafika kipande cha juu. Walichimba ukingo wake kidogo, wakafyatua, wakachoma, na siku tatu nne hivi baadaye msimamizi wao akaja mlangoni na tofali mkononi, amekunja uso.

"Mama, pale mlitia nini? Tazama." Alilibana tofali kidogo tu, likavunjika vipande viwili. Ndani lilikuwa na matundu kama sifongo. "Udongo umejaa mkaa. Ukiingia motoni mkaa unaungua, panabaki mashimo. Tena unanuka mavi ya ng'ombe, vijana wangu wanakataa kuukanyaga. Nimemwambia kaka yako, kile kipande hatukitaki. Kaeni nacho."

Bi Jembe alipokea tofali lile bila kujua alifanyie nini. Mkaa aliujua. Lakini mavi ya ng'ombe yametoka wapi? Hawakutia hata koleo moja. Ndicho kisa chote cha ugomvi wao.

Jibu lilikuja lenyewe, linatembea polepole, limebeba ndoo mbili na mti wa kubebea begani. Alikuwa mwenye zizi wa ng'ambo ya kijito, mzee mpole, mfupi.

"Pole, shemeji," akasema alipoketi. "Mazikoni nilikuwepo, lakini siku ile haikuwa ya kuleta ndoo. Na baada ya hapo, si unajua, ng'ombe hawana likizo. Nimerudisha ndoo zake."

"Ndoo za nani?"

"Za mwenzako. Si hizi alizokuwa akibebea?"

Bi Jembe akazitazama. Moja ilikuwa ndoo yake mwenyewe, ile ya bluu aliyoitafuta wiki nzima akawashuku watoto wa jirani.

"Kubebea nini?" akauliza.

Mzee akashangaa. "Kwani hukuambiwa? Shemeji, mwenzako ndiye alikuwa akinifagilia zizi. Kila asubuhi. Nikamwambia, ndugu yangu, nikupe nini, maziwa? Akasema hapana, nipe mkojo. Nikacheka, nikadhani utani! Anakoroga samadi na mkojo humo ndoo mbili, anaweka mti begani, anavuka kijito, anapanda hadi kile kipande chenu, anamwagia shina kwa shina, anafukia. Anakaa chini apumue, kisha anarudi kuchukua zingine. Nilimwambia, kifua hicho, punguza. Akasema wafyatua matofali hawatampunguzia yeye."

Bi Jembe akaivuta ile ndoo ya bluu karibu yake.

"Siku ya kwanza," mzee akaendelea, "alipotumbukiza mkaa mmoja kwenye ndoo ile ajaribu, alifumba macho. Wallahi alifumba macho kama mtu anayechinja. Akasema, 'Leo Mkavu kalowesha mkaa.' Nikamwuliza, mkeo anajua? Akasema, 'Usimwambie. Nilishamwahidi kwa mdomo mara moja. Safari hii acha mahindi yaseme.'"

Ndiyo ile mara moja niliyosema alimdanganya mkewe. Bi Jembe aliinuka, akaziingiza ndoo ndani, akafunga mlango wa chumba, na mzee wa watu akamsikia akilia kwa sauti ambayo hakuisikia mazikoni. Alikaa pale kizingitini mpaka kilio kilipotulia, ndipo akaaga.

Mvua ya vuli ilipoanza, mashimo ya wafyatua matofali yalijaa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Kipande cha juu kilibaki kimesimama peke yake katikati, kama meza. Bi Jembe alipanda mistari yote, si mmoja. Maji hayakukimbia juu yake; yaliingia. Mahindi yakaota, yakapita magoti, yakapita kiuno, majani mapana, kijani kinachokaribia weusi. Wapita njia walisimama. Bibi shamba alikuja akachimba kwa kidole, akatoa udongo mweusi wenye harufu nzuri na nyungunyungu mmoja mnene, akaupeleka puani. "Umeshiba," akasema. "Mkaa huu hautatoka hapa tena, mama. Sote tutakufa tuuache." Bi Jembe akaitikia kwa kichwa tu.

Kaka mtu naye akaja, na safari hii alivua kofia. Alikizunguka kipande kile kizima, akishika majani kwa vidole vyake vya grisi. Kisha akatazama mashimo yaliyokizunguka, maji yametulia humo, vyura wanalia. Kutoka ukingo hadi ukingo shamba la mama halikuwepo.

"Dada," akasema. "Kwa nini hamkuniambia ningoje?"

"Ulitaka kipande kimoja, kaka," Bi Jembe akamjibu. "Ndicho hicho."

Hakumwambia kwa ubaya. Na kaka mtu, ambaye hakuweza kumtazama dada yake akilia, siku hiyo alilia yeye, na dada yake akamshika mkono wakashuka pamoja.

Wakati wa kuvuna binti alikuja kumsaidia mama yake. Mahindi yalijaa magunia, ikabidi stoo isafishwe. Binti akaingia, akafagia, akatoa magunia ya zamani, na kule kona ya mwisho akakuta godoro jembamba limekunjwa. Akalikokota mpaka mlangoni, akaziba pua.

"Mama! Hili godoro linanuka ng'ombe. Nilitoe nilianike juani?"

Bi Jembe alikuwa uani, anatwanga mkaa wa magunzi, ndoo ya bluu iko pembeni yake imejaa. Aliacha kutwanga.

"Usilianike. Lirudishe chumbani, kitandani."

"Linanuka, mama."

"Najua linanuka, mwanangu. Lirudishe hivyo hivyo."